Ukurasa wa Bwana Zamu

Kila Jumamosi asubuhi, kabla ya chai, Sindano na mama yake walikunja mashuka uani. Kazi hiyo ilikuwa na utaratibu wake. Mmoja alishika pembe mbili, mwenzake pembe mbili, shuka likavutwa mara moja kwa nguvu mpaka likalia, kisha likakunjwa upindo ukiwa ndani. Bibi ndiye aliyewafundisha. Alikuwa amefua mashuka ya hospitali ya mji kwa miaka ishirini na sita, na watu walimjua kwa jina la Mama Povu. Sasa alikuwa na miezi minne kaburini.

Sindano alikuwa na umri wa miaka kumi na tatu. Jina la kwenye cheti lilikuwa jingine, lakini wembamba wake na ulimi wake ndivyo vilivyompa hili, naye hakulikataa.

"Vuta basi," mama alisema. "Unashika shuka kama unashika mkia wa nyoka."

"Jana nilimwona tena yule mtu, mama. Amekaa barazani, shati limenyooka, anasoma gazeti kama waziri."

Mama hakuuliza mtu gani. Kwao "yule mtu" alikuwa mmoja tu: mzee aliyekuwa msimamizi wa chumba cha kufulia cha hospitali. Mji ulimwita Bwana Zamu kwa sababu katika miaka yake yote ya kazi hakuchelewa kuingia zamu hata dakika moja. Miaka kumi na mitano iliyopita ndiye aliyetia sahihi barua ya kumwachisha Bibi kazi. Sababu iliyoandikwa ilikuwa uzembe. Mashuka ya wodi ya magonjwa ya kuambukiza yalikuwa yamepelekwa wodi ya wazazi bila kuchemshwa, na watoto wachanga sita wakapata vipele na homa. Watoto wote sita walipona. Bibi hakupona barua ile. Hakupenda hata kuizungumzia, na tangu siku hiyo hakupita tena barabara ya hospitali.

"Kwa nini alimfukuza yeye peke yake?" Sindano aliuliza.

"Nitajuaje, mwanangu? Labda alikuwa na mtu wake wa kumweka pale." Mama aliweka shuka kwenye rundo. "Siku yake na yeye itafika. Leta lile la bluu."

Sindano alileta lile la bluu. Lakini neno "mtu wake" lilimwingia kichwani likakaa.

Wiki iliyofuata, mwalimu wa historia aliwapa darasa lao kazi ya muhula. Mji wao ulikuwa mdogo na wazee wake walikuwa wakiondoka mmoja baada ya mwingine, alisema, na wengi waliondoka bila mtu kuandika hata walifanya kazi gani. Kila mwanafunzi angeandika ukurasa mmoja kuhusu mzee mmoja, aliye hai au aliyefariki. Kurasa zingebandikwa kwenye maktaba ya mji kwa wiki moja ili watu wazisome na kusahihisha, kisha zingepelekwa kwa mpiga chapa ziwe kitabu.

"Masharti ni matatu," mwalimu alisema. Alikuwa mwanamke mfupi aliyezungumza polepole, na hakuna aliyemfanya arudie neno. "Usiandike juu ya ndugu yako. Kila ukurasa uwe na mashahidi wawili. Na mzee akiwa hai, lazima asomewe ukurasa wake kabla haujabandikwa. Maswali?"

"Mwalimu, mzee akiwa kiziwi?" aliuliza msichana aliyekaa dawati moja na Sindano. Huyu alikuwa Redio, na hakuna haja ya kueleza kwa nini.

"Utasoma kwa sauti. Wewe hilo halitakushinda."

Darasa lilicheka. Kwa kuwa Sindano hakuruhusiwa kumwandika Bibi, Redio ndiye aliyempata Mama Povu. Sindano alinyoosha mkono akamwomba Bwana Zamu. Mwalimu alimtazama kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida, kisha akaandika.

Siku tatu baadaye, wakati wa mapumziko, Redio alimwonyesha rasimu yake. Ilikuwa nzuri. Ilieleza kwamba Mama Povu aliweza kutoa doa la damu kwa maji baridi na chumvi, na kwamba alikuwa akiimba kazini kwa sauti mbaya. Mstari wa mwisho ulisema: *Aliachishwa kazi kwa uzembe.*

"Futa hiyo," Sindano alisema.

"Nimeitoa ofisini hospitali, shoga yangu. Karani alinisomea kutoka kwenye jalada. Mwalimu kasema tuandike ilivyo."

"Itakuwa kitabuni, Redio. Watu watasoma hata sisi tukizeeka."

"Sasa mimi nifanyeje? Niletee kitu kingine chenye ushahidi, nitaandika hicho."

Redio hakusema kwa ubaya. Lakini siku ile Sindano hakula chakula cha mchana. Aliwaza kwamba kama jina la Bibi litaingia kitabuni na doa, basi yupo mtu mwingine ambaye jina lake halitaingia likiwa safi. Alikula kiapo peke yake, nyuma ya maliwato ya wasichana, kwamba atamtia Bwana Zamu adabu kwa kalamu.

Alikwenda kwake alasiri ya kesho yake. Kilikuwa chumba cha mtu mwenye utaratibu: viatu vimepangwa ukutani kisigino kwa kisigino, taulo imekunjwa mara tatu, saa ya mezani mbele ya kiti. Mzee alimkaribisha vizuri. Hakujua ni mjukuu wa nani, na Sindano hakumwambia.

Bwana Zamu alieleza kila kitu kwa hesabu. Wakati wake kulikuwa na mapipa manne ya kuchemshia, wafuaji saba, na mafurushi mia moja na ishirini kwa siku. Kila furushi lilifungwa kwa kitambaa cha rangi ya wodi yake. Wodi ya wazazi ilikuwa na kitambaa cheupe. Wodi ya magonjwa ya kuambukiza ilikuwa na chekundu, na furushi jekundu lilichemshwa peke yake; mengine yalifuliwa tu.

"Na wafuaji wako, Mzee, ulikuwa unawafukuza?" Sindano aliuliza akiwa ameinamia daftari.

"Mmoja."

"Kwa nini?"

Mzee alisogeza saa yake kidogo. "Hayo ni mambo ya kazi, binti. Yaliandikwa, yakaisha."

*Yakaisha.* Sindano alifunga daftari, akaaga kwa adabu zote, akatoka damu ikimchemka.

Jioni hiyo aliandika ukurasa wake kwa mkupuo mmoja. Mambo ya mapipa aliyaweka mistari mitatu. Kisha akaandika: *Bwana Zamu alimfukuza kazi mfuaji hodari kuliko wote, mwanamke asiye na kosa lolote, ili amweke binti wa dada yake.* Alisita kwenye maneno "binti wa dada yake". Mama alikuwa amesema "labda", na alikuwa amesema "mtu wake". Lakini "labda" haimwumizi mtu, na Sindano alitaka kuumiza. Aliyaacha.

Mashahidi aliwapata kwa urahisi. Mama alitia sahihi akigeuza mboga jikoni, kalamu mkono mmoja na mwiko mkono wa pili. Redio alitia yake akisimulia habari nyingine kabisa. Kumsomea mzee, Sindano hakwenda. Kwenye nafasi ya "Amesomewa" aliweka alama ya vema.

Ukurasa ulibandikwa Jumatatu. Kufikia Jumanne ulikuwa na watu wengi mbele yake kuliko kurasa nyingine zote. Sindano alisimama nyuma ya kabati la magazeti akasikiliza.

"Kumbe! Na alivyojifanya mnyoofu!"

"Hawa wa mashati yaliyopigwa pasi ndio hao hao."

Baadaye aliona wavulana wawili wakipita barazani kwa mzee wakiuliza kwa sauti, "Bwana Zamu, dada hajambo?" Mzee alishusha gazeti, akawatazama bila kuelewa. Roho ya Sindano ilisuuzika. Usiku huo alilala kama mtu aliyeshushiwa mzigo.

Jumatano saa kumi akaingia maktaba mwanamke mwenye koti jeupe. Alikuwa mfamasia wa mji, binti yake Bwana Zamu. Alisoma ukurasa mpaka mwisho. Kisha akageuka, na sauti yake ilifika kila meza.

"Nani ameandika haya?"

Sindano alisimama. Hakuwa mwoga, hilo hatuwezi kumnyima.

"Mimi."

"Huyu dada wa baba yangu anaitwa nani?"

Sindano aliutazama ukurasa wake ukutani.

"Nakuuliza vizuri. Mimi ni mtu mzima, nina watoto, na leo ndiyo siku ya kwanza kusikia kwamba nina shangazi. Baba yangu ni mtoto wa pekee. Hana dada, hana kaka. Sasa huyo binti wa dada yake mlimtoa wapi? Alianguka na mvua?"

Mtu mmoja alicheka, kisha meza nzima ikacheka. Mfamasia akasoma chini. "Na shahidi wa pili ni nani?"

"Mimi," Redio alisema kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake.

"Wewe mwaka huo ulikuwa umezaliwa?"

"Hapana, shangazi. Hata kwenye mipango sikuwemo."

Kicheko kilikuwa kikubwa zaidi, na safari hii kiliwahusu wao wawili. Mfamasia hakucheka. Alibandua ukurasa, akaukunja, akauweka mezani kwa mkutubi, akaondoka. Lakini kilichomkata Sindano maini kilitokea baada ya hapo. Mzee mmoja mwenye fimbo alisogea kwenye ukurasa wa Mama Povu, akausoma mstari wa mwisho, akatikisa kichwa.

"Basi huyu naye alifukuzwa kwa haki," alimwambia mwenzake. "Ndiyo maana ukoo wake unatunga uongo."

Kesho yake mwalimu alimwita Sindano kwenye chumba cha walimu. Alikuwa ameuweka ukurasa ule mbele yake, umenyooshwa.

"Kaa. Uliuweka uongo mmoja au zaidi?"

"Mara mbili, Mwalimu. Binti wa dada yake. Na... sikumsomea."

"Unajua umefanya nini?"

"Nimemsingizia mtu."

"Hilo moja. La pili, umemsaidia. Jana watu walikuwa tayari kuuliza kwa nini mfuaji mmoja alibeba lawama ya chumba kizima. Ni swali zuri, hata mimi ningependa jibu lake. Leo hakuna anayeuliza. Wote wanamwonea huruma." Mwalimu alivua miwani. "Mpiga chapa anakuja kesho saa nane. Kama hakuna kipya, ukurasa wa bibi yako utakwenda kama Redio alivyouandika, na wa Bwana Zamu hautakuwepo. Yeye mwenyewe alikuambia nini ulipomuuliza?"

"Alisema yaliandikwa, yakaisha."

"Yaliandikwa wapi?"

Sindano hakuwahi kuuliza.

Alipotoka shule alikwenda moja kwa moja hospitali. Chumba cha kufulia kilikuwa nyuma ya jiko, chenye joto na harufu ya sabuni. Msimamizi wa sasa alikuwa mwanamke mnene mwenye mikono iliyobabuka, ambaye alianza kazi akiwa msichana, chini ya Mama Povu.

"Wewe ndiye uliyebandika habari za mpwa?" alimpokea. "Loo! Bibi yako angekuchapa kwa shuka bichi. Unataka nini?"

"Kazi za zamu zilikuwa zinaandikwa wapi, shangazi?"

"Kwenye vitabu vya zamu, wapi tena? Anayetoka anaandika, anayeingia anasoma, msimamizi anatia sahihi. Vya zamani vipo kwenye rafu ile. Hakuna aliyewahi kuviulizia. Nawa mikono kwanza."

Vitabu vilikuwa vizito na kurasa zake zilikuwa zimevimba kwa mvuke. Sindano alitafuta mwaka, kisha mwezi, kisha akaanza siku moja baada ya nyingine. Mwandiko wa Bibi aliujua kwa herufi zake zilizolala.

*Vitambaa vyekundu vipya vinachuja rangi vikichemshwa. Naomba vingine.* Chini yake, kwa wino mweusi: *Nimeona.* Na sahihi.

Wiki mbili baadaye: *Vitambaa vyekundu vimekuwa vya waridi. Naomba vingine.* *Nimeona.*

Siku tisa kabla ya watoto kuugua: *Viwili vimekuwa vyeupe kabisa. Vitachanganyika na vya wazazi. Naomba vingine leo.* *Nimeona.*

Sindano alihisi masikio yakimwaka. Alikuwa amemkamata. Hakuhitaji dada wala binti wa dada. Alinakili kila neno na kila tarehe, akampa msimamizi asome na kutia sahihi, na fundi wa mapipa aliyekuwa akifanya kazi pale vilevile.

"Ngoja," msimamizi alisema. Alikuwa amefungua ukurasa wa siku yenyewe. "Na hili?"

Bibi alikuwa ameandika: *Leo niko peke yangu kwenye kupanga mafurushi, mwenzangu hakuja. Mafurushi 120. Sikuangalia namba za wodi kwenye upindo. Nilifuata kitambaa.*

"Kila shuka lilikuwa na namba ya wodi kwenye upindo, kwa wino," msimamizi alieleza. "Sheria ilikuwa uangalie vyote viwili, kitambaa na namba. Hakuangalia. Aliandika mwenyewe, hakuficha."

Sindano aliitazama sentensi ile kwa muda mrefu. Daftari lake lilikuwa na vya kutosha. Angeweza kufunga kitabu na kwenda zake, na msimamizi asingemzuia. Alikuwa amekwisha kumgeuzia mgongo, anakoroga pipa. Ila Sindano alikumbuka sauti ya mfamasia ikifika kila meza. Alinakili na hiyo, akaandika ukurasa mpya, na mashahidi wale wawili wakautia sahihi.

Saa kumi na moja alisimama mlangoni kwa Bwana Zamu. Mfamasia ndiye aliyefungua.

"Wewe tena?"

"Nimekuja kumsomea, shangazi. Ni sharti la mwalimu. Na kuomba radhi kwa uongo wa dada."

Mfamasia alimpisha bila kusema karibu. Mzee alikuwa kwenye kiti chake.

"Shikamoo, Mzee. Mimi ni mjukuu wa Mama Povu. Nilikusingizia kwamba una dada. Naomba radhi kwa hilo." Alilitilia mkazo neno "hilo", na mzee alilisikia.

"Marahaba. Nimekusamehe hilo. Soma."

Alisoma. Alisoma polepole, kwa sababu alitaka kila neno limfikie likiwa zima. Alisoma tarehe ya kwanza na "Nimeona". Alisoma ya pili. Alipofika ya tatu, mfamasia alishika nyuma ya kiti cha baba yake. Alisoma pia kuhusu namba za upindo, bila kupunguza sauti.

"Baba," mfamasia alisema, "ni kweli?"

"Lete niione sahihi."

"Ipo kwenye kitabu hospitali, Mzee," Sindano alisema. "Watu wawili wameshuhudia."

"Umeandika na lile la namba. Ungeweza kuliacha," mzee alisema.

"Ningeliacha, shangazi angelipata."

Mfamasia alitaka kucheka, akajizuia. Mzee alisogeza saa yake, kisha akairudisha mahali pake. Sindano hakumwonea huruma. Alingoja.

"Kuna kosa kwenye ukurasa wako," mzee alisema hatimaye.

"Lipi?"

"Umeandika alionya mara tatu. Ni mara nne. Ya kwanza aliniambia kwa mdomo, mlangoni, asubuhi, kitambaa chenyewe akiwa nacho mkononi. Nikamwambia aandike kitabuni. Kuandika 'nimeona' kulikuwa rahisi kuliko kwenda stoo kugombana na mtunza stoo. Watoto walipougua, waliniuliza nani alikuwa zamu. Nikawajibu hilo tu. Hawakuniuliza vitambaa, nami sikuwaambia." Alinyoosha mkono. "Rekebisha, iwe nne. Kisha nipe nitie sahihi."

"Ukurasa huu utachapishwa, baba," mfamasia alisema kwa upole. "Mji mzima utausoma."

"Nimesikia. Mimi si kiziwi."

Akatia sahihi, kwa mwandiko uleule wa kwenye vitabu vya zamu.

Siku ya Ijumaa, kabla ya saa nane, Sindano alimkabidhi mwalimu ukurasa mbele ya darasa zima. Mwalimu aliusoma mara mbili, akakagua mashahidi, akakagua sahihi ya mzee.

"Huu unakwenda," alisema. "Unajisikiaje?"

"Bado namchukia, Mwalimu."

Darasa liliguna. Mwalimu aliinua mkono.

"Sikukuagiza umpende. Nilikuagiza uandike. Ninyi wote nisikilizeni. Mwenzenu alikuwa na haki ya kukasirika. Bibi yake alionewa. Lakini alipoongeza uongo mmoja tu, watu waliacha kuamini hata yale ya kweli, na bibi yake akaumizwa mara ya pili, safari hii na mjukuu wake mwenyewe. Mtu akikukosea, tafuta alichofanya na useme hichohicho, chote, pamoja na sehemu isiyokupendeza. Usimwongezee. Ukimwongezea, atajibu ulichoongeza, na kosa lake halisi litasahaulika. Redio, mstari wako wa mwisho unasemaje sasa?"

Redio alisimama na karatasi yake mpya. "*Baada ya miaka ishirini na sita, Mama Povu aliachishwa kazi kwa kosa la furushi moja, kosa ambalo alikuwa ameonya juu yake mara nne.*"

"Mashahidi?"

"Wawili, Mwalimu. Na wote walikuwa wamezaliwa."

Kisha, bila kuombwa, akausoma mstari ule tena kutoka mwanzo, kwa sauti yake yote.